Chemchemi Hulindwa Kuanzia Juu
Kijitabu kwa vijiji vya miteremko ya Kilimanjaro

Shiri, Nsere, Miwaleni, Chemka: mkazi wa Moshi au Hai hakosi kuijua walau moja. Wengi wanaamini kwamba maji yake ni theluji ya Kibo iliyoyeyuka. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ni mvua inayonyesha kwenye ukanda wa msitu, ikazama katika miamba ya volkano yenye nyufa, ikateremka chini kwa chini mpaka ikaibukia bondeni. Njiani imepita chini ya migomba, mikahawa, vyoo, gereji na barabara zetu. Kinachomwagwa juu ya njia hiyo kinaweza kufika kwenye ndoo ya mtu asiyemfahamu aliyekimwaga.

Mita 60 hazitoshi

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 zinazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 za vyanzo vya maji. Vijiji vingi vimesimika vigingi, vikapanda miti, vikaona kazi imekwisha. Vigingi ni vya lazima: vinazuia mifugo kukanyaga jicho la chemchemi, ufuaji na uoshaji wa pikipiki. Lakini havijui lolote kuhusu shimo la choo lililochimbwa mita 200 juu yake, wala mtambo unaochimba kisima kirefu kwenye shamba la jirani.

Ndiyo maana tunawasihi wanakijiji waitumie silaha waliyo nayo tayari, yaani mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007 imeipa halmashauri ya kijiji mamlaka ya kuuandaa, na mkutano mkuu wa kijiji ndio unaouridhia. Ramani ya mpango huo ionyeshe maeneo mawili. La kwanza ni jicho lenyewe na mita zake 60. La pili, ambalo husahaulika, ni upande wa juu ambako mvua huzama: mabaki ya msitu, mabonde, vinamasi na mashamba yenye udongo unaonyonya maji haraka. Wazee na wachimba visima wa eneo lenu wanayajua mengi ya maeneo haya. Mtaalamu wa maji chini ya ardhi kutoka Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, yenye ofisi Moshi, atasaidia palipo na shaka.

Mara nyingi upande wa juu ni wa kijiji kingine. Hapo halmashauri mbili zikae pamoja, zipatane kabla ya kuchora mistari. Kijiji cha chini kisichozungumza na cha juu kinalinda tundu la kutokea tu.

Andikeni linaloonekana

Sheria ndogo inayosema "ni marufuku kuharibu chanzo cha maji" haimsaidii mtendaji wa kijiji. Uharibifu utapimwaje? Itaje jambo ambalo mtu yeyote anaweza kwenda kulitazama: mikaratusi haipandwi katika eneo la kwanza, bomba la kupulizia mrututu na dawa nyingine halioshwi kwenye mfongo wala kwenye chemchemi, kituo cha mafuta, dampo na machinjio havijengwi katika eneo la pili.

Kuhusu vyoo, kipimo kinachotumika sana ni choo cha shimo kuwa mita 30 au zaidi kutoka chanzo cha maji, na sakafu ya shimo kuwa walau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini. Kwenye mwamba wenye nyufa kipimo hiki ni cha kuanzia tu, kwa sababu huko maji hukimbia bila kuchujwa na udongo. Pale shimo linapogonga mwamba mapema, kijiji kidai karo lililojengewa, lisilovuja.

Visima navyo viingie. Mwenye hoteli au shamba la umwagiliaji anahitaji kibali cha Bodi ya Bonde, na halmashauri ya kijiji iombe kukiona kabla mtambo haujashushwa. Rasimu ya sheria ndogo hujadiliwa na mkutano mkuu, kisha hupelekwa halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Kabla ya hapo, faini mnayotoza itapingwa mahakamani.

Pimeni

Mwisho wa kiangazi, kabla ya mvua za masika, elekezeni maji yote ya chemchemi ndogo kwenye ndoo ya lita 20 na mhesabu sekunde. Ikijaa kwa sekunde 10, chemchemi inatoa lita 2 kwa sekunde. Andikeni tarehe na jibu katika daftari la ofisi ya kijiji, na mtendaji anapohama alikabidhi pamoja na mhuri. Siku mtu atakapokuja kuomba kuchimba kisima juu yenu, daftari hilo liwe mezani.