UKIIKIMBIA HOFU, HUKUA
Somo la afya ya akili kwa wakaazi wa kambi

Wengi wetu tuko hapa kwa sababu tulikimbia. Kukimbia risasi na moto si kosa, ndiko kulikotuokoa. Lakini hatari ikishapita, wengine huendelea kukimbia hisia zao wenyewe. Mbio hizo ndizo somo letu la leo.

MFANO. Mwishoni mwa Julai 2022 mvua kubwa ilinyesha Mbale. Mito ya Nabuyonga na Namatala ikafurika, watu wakafa maji. Tuseme mama mmoja aliokoka akahamia Jinja kwa ndugu zake, wazazi wake wakabaki Mbale. Kila akipanga kwenda kuwaona, moyo unamwenda mbio na mikono inatoka jasho. Anaahirisha safari, na papo hapo anapata nafuu.

Nafuu hiyo ndiyo mtego. Mwili unajifunza hivi: "Nimepona kwa sababu sikwenda." Mara ya pili hofu inakuja mapema zaidi. Baadaye hapandi gari hata la Iganga. Mwisho haendi sokoni siku ya mawingu. Hofu haikupungua, kilichopungua ni maisha yake. Mwenye wasiwasi mwingi hunaswa upesi zaidi, kwa kuwa hofu humpanda haraka kuliko wengine.

AFANYE NINI?

1. Aitaje hofu: "Hii ni hofu, inanibana kifuani." Asipigane nayo. Isipokimbiwa, hupanda, kisha hushuka.

2. Akanyage ardhi kwa miguu yote miwili, avute pumzi polepole, atazame vitu vilivyo karibu naye.

3. Aende hatua kwa hatua. Wiki hii afike stendi tu, akae hadi hofu ipungue. Wiki ijayo apande gari hadi Iganga pamoja na mwenzake. Akizoea, apitie Tirinyi hadi Mbale.

4. Akumbuke sababu ya safari: wazazi wanamngoja.

Mafunzo yanayofanana na haya yamejaribiwa na wakimbizi wenzetu. Katika makazi ya Rhino Camp, kaskazini-magharibi mwa Uganda, wanawake kutoka Sudan Kusini walikaa katika vikundi wakasikiliza masomo ya Shirika la Afya Duniani yaliyorekodiwa, mara tano kwa wiki tano, wakapewa na kitabu cha picha. Matokeo yalitangazwa 2020: miezi mitatu baada ya mafunzo, dhiki yao ilikuwa imepungua kuliko ya wenzao ambao hawakuyapata.

TAHADHARI. Hatari ya kweli hukimbiwa. Mto ukijaa, au ardhi ya mlimani ikipasuka, ondoka mara moja. Kule Bududa, tarehe 1 Machi 2010, maporomoko yalizika kijiji cha Nametsi. Jiulize: hatari iko hapa leo, au ni kumbukumbu yake tu?

Na kama hulali kwa wiki nyingi, au unafikiria kujiua, usingoje hatua hizi. Mwambie mfanyakazi wa jamii au nenda kliniki leo hii.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Ni jambo gani umeacha kulifanya kwa sababu ya hofu?
2. Hatua yako ndogo ya kwanza ni ipi, na nani atakusindikiza?