BEI YA UMEME WA MAKAA YA MAWE
Kwa nini nchi moja huuona rahisi na nyingine huuona ghali

Katika nchi ya Kenya watu wengi huuita umeme kwa jina la stima. Neno hilo limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya mvuke, nalo lafaa kuliko wengi wanavyodhani. Maana mitambo mingi mikubwa ya umeme ulimwenguni, iwe ya kuchoma makaa ya mawe, iwe ya mvuke utokao ardhini, hata ile ya nguvu za atomi, hufanya kazi moja: hupata mvuke wenye nguvu na kuutumia kuzungusha gurudumu lenye mapanga ya chuma, na gurudumu hilo ndilo linalozungusha mtambo wa umeme. Tofauti iko katika moto wenyewe: watoka wapi, na ni nani anayeulipia.

Jambo hili la malipo lilileta mabishano makubwa nchini Kenya tangu mwaka 2014, ulipokubaliwa mpango wa kujenga mtambo wa makaa ya mawe huko Kwasasi, katika kaunti ya Lamu. Wako waliosema kwamba makaa ya mawe ni rahisi kuliko mafuta, na kwamba nchi itakayo viwanda haiwezi kuyaacha. Wako waliosema kwamba mtambo ule utawatwisha walipaji wa umeme mzigo wa miaka 25. Kila upande ulikuwa na hesabu zake. Ili kufahamu kwa nini hesabu hizo zilitofautiana hivyo, sharti mtu ajue kwanza bei ya umeme hufanywa na vitu gani.

GHARAMA ZA NAMNA MBILI

Mtu aliyekopa fedha ili anunue mashine ya kusaga mahindi huwa na gharama za namna mbili. Ya kwanza ni deni, ambalo hulipwa kila mwezi, mahindi yakiletwa au yasiletwe. Ya pili ni mafuta ya dizeli. Akisaga sana hununua mengi, asiposaga hanunui. Mwezi atakaosaga magunia 100, deni lake hugawanywa kwa magunia 100, na kila gunia huchukua sehemu ndogo. Mwezi atakaosaga magunia 10 tu, kila gunia halina budi kuchukua mara kumi ya sehemu ile. Mashine ni ile ile, deni ni lile lile, lakini unga umekuwa ghali.

Mitambo ya umeme nayo ni hivyo. Mtambo wa dizeli hununuliwa kwa bei nafuu na kujengwa upesi, lakini mafuta yake ni ghali, tena huagizwa kutoka ng'ambo. Bwawa la maji, mnara wa upepo na kisima cha mvuke ni kinyume chake: fedha nyingi hutumika mwanzoni, kisha maji, upepo na mvuke havinunuliwi sokoni. Makaa ya mawe yako katikati. Mtambo wake ni ghali sana kujenga, nao wahitaji kulishwa kila saa. Kwa sababu hiyo umeme wake huwa rahisi kwa masharti mawili: mgodi uwe karibu, na mtambo ufanye kazi usiku na mchana ili deni ligawanywe kwa yuniti nyingi.

KILO NGAPI KWA YUNITI MOJA?

Yuniti moja ya umeme, yaani kilowati moja kwa muda wa saa moja, yatosha kuwasha taa ya wati 10 kwa muda wa saa 100. Kuipata yuniti hiyo kwahitaji gramu 400 hivi za makaa ya mawe mazuri. Karibu theluthi moja tu ya joto la makaa hugeuka kuwa umeme; sehemu kubwa iliyobaki hupotea kwa dohani na kwa maji ya kupoza mtambo. Kwa hiyo tani moja ya makaa hutoa yuniti 2,500 hivi.

Kutoka hapo mtu yeyote aweza kufanya hesabu mwenyewe. Tani ikiuzwa dola 100 za Kimarekani, kila yuniti imekula senti 4 za dola kwa makaa peke yake, kabla ya kulipa deni, mishahara na nyaya. Mwaka 2020 bei katika soko la dunia ilishuka hata karibu na dola 50 kwa tani, na gharama hiyo ikawa senti 2. Mwaka 2022, baada ya vita kuanza katika nchi ya Ukraine, makaa ya Australia yalipita dola 400 kwa tani. Hiyo ni zaidi ya senti 16 kwa yuniti moja. Nchi inunuayo makaa kutoka ng'ambo hupokea bei hiyo kama ilivyo, wala haina la kusema.

Uzito nao ni jambo kubwa. Mtambo wa megawati 1,000 ukifanya kazi kwa nguvu zake zote hula tani 400 kila saa, karibu tani 10,000 kwa siku. Kama mzigo huo ungeletwa kwa malori ya tani 25, yangehitajika malori 400 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwamo. Ndiyo maana mitambo ya namna hii hujengwa ama mlangoni pa mgodi ama kando ya bandari.

Afrika Kusini ni mfano wa mlango wa mgodi. Mitambo yake mingi iko Mpumalanga, palipo na migodi mikubwa, na mingine hupokea makaa kwa ukanda wa mpira utokao mgodini moja kwa moja. Mji mmoja wa huko, eMalahleni, jina lake lina maana ya mahali pa makaa. Kwa miaka mingi umeme wa Afrika Kusini ulihesabiwa kuwa miongoni mwa ule ulio rahisi kabisa duniani. Lakini hata huko mambo yamebadilika. Mtambo wa Medupi ulianza kujengwa mwaka 2007, na sehemu yake ya mwisho haikuanza kazi ya kuuza umeme mpaka mwaka 2021. Katika miaka yote hiyo gharama zilizidi kupanda na riba ikaendelea kuhesabiwa, huku wananchi wakikatiwa umeme kwa zamu.

Uingereza ndiyo iliyoanza. Mtambo wa kwanza wa makaa ya mawe wa kuuzia umma umeme ulifunguliwa London, katika barabara ya Holborn Viaduct, mwaka 1882. Nchi hiyo imekaa juu ya makaa, na kwa muda mrefu hakuna moto mwingine ulioweza kushindana nayo. Tarehe 30 Septemba 2024 mtambo wa mwisho, ule wa Ratcliffe-on-Soar, ulifungwa. Haukufungwa kwa sababu makaa yalikwisha ardhini. Gesi iliyopatikana katika bahari ya kaskazini ilitoa umeme mwingi zaidi kwa joto lile lile. Kisha upepo ukaongezeka, na serikali ikaweka kodi juu ya moshi.

Kodi hiyo yafaa kuelezwa, maana moshi una gharama hata kama hauandikwi katika hati ya malipo. Mwezi wa Desemba 1952 moshi wa makaa, wa majumbani na wa mitambo pia, ulichanganyika na ukungu ukaifunika London kwa siku 5, na watu elfu kadhaa wakafa kwa maradhi ya kifua. Hakuna mwuza makaa aliyelipa mazishi yao. Siku hizi imeongezwa hasara ya joto la dunia, kwani kila yuniti ya umeme wa makaa hutoa karibu kilo moja ya hewa ya ukaa, na mtambo mzuri wa gesi hutoa chini ya nusu ya hiyo. Tena kuna majivu. Makaa yenye majivu ya asilimia 15 yakichomwa tani 10,000 kwa siku huacha tani 1,500, na sharti pawe na mahali pa kuyatupa ambapo mvua haitayapeleka katika visima vya watu.

HESABU YA LAMU

Mtambo wa Lamu ulikusudiwa kuwa wa megawati 1,050, kwa gharama iliyokadiriwa kuwa dola bilioni 2. Umeme wake uliahidiwa kuuzwa kwa bei isiyofika senti 8 za dola kwa yuniti, bei iliyopendeza sana ikilinganishwa na dizeli. Makaa yangeletwa kwanza kwa meli kutoka Afrika Kusini, mpaka yale ya Kitui yatakapochimbwa.

Bei hiyo ilitegemea mtambo ufanye kazi karibu wakati wote. Lakini mwaka 2019 mahitaji ya Kenya nzima, saa za jioni yanapokuwa makubwa kabisa, hayakufika megawati 2,000, na usiku wa manane hushuka sana. Wakati huo nchi ilikuwa na mabwawa, visima vya mvuke na minara ya upepo, ambayo yote yalikwisha kugharamiwa. Mtambo wa Lamu ungefanya kazi saa ngapi?

Chukua mfano wa kufikirika wa mtambo unaodai malipo ya kudumu ya dola milioni 300 kwa mwaka. Ukiuza yuniti milioni 7,000, kila yuniti hubeba senti 4 na kidogo. Ukiuza milioni 2,000 tu, kila yuniti hubeba senti 15, na makaa bado hayajanunuliwa. Kwa mkataba wa namna ile, malipo ya kudumu yangedaiwa umeme ukitumika au usitumike. Tena si makaa tu yaletayo shida hii: minara 365 ya upepo karibu na Ziwa Turkana ilikuwa tayari mwaka 2017, lakini nyaya za kuufikisha umeme Suswa, mwendo wa zaidi ya kilometa 400, hazikuwa tayari mpaka mwaka 2018, na fidia ikalipwa kwa upepo uliopita bure.

Wenyeji wa Lamu hawakungoja hesabu hizo zimalizike. Wavuvi waliogopa maji ya moto yatakayomwagwa baharini, na wengine waliuogopea mji wao wa kale. Walipeleka shauri mbele ya Baraza la Rufani za Mazingira, nalo tarehe 26 Juni 2019 likaifuta ruhusa ya mtambo, hasa kwa kuwa wananchi hawakushauriwa ipasavyo. Mwaka 2025 mahakama ya Malindi iliuthibitisha uamuzi huo.

MVUKE WA OLKARIA

Wakati huo huo moto mwingine ulikuwa ukikua karibu na Naivasha. Visima viwili vya kwanza vilichimbwa Olkaria katika miaka ya 1950, lakini havikutoa mvuke wa kutosha, na kazi ikaachwa. Ilianzwa tena katika miaka ya 1970, na mwaka 1981 mtambo wa kwanza wa megawati 15 ukawashwa. Leo mvuke wa ardhini huipa Kenya karibu nusu ya umeme wake. Kisima kimoja huweza kwenda chini kilometa 3 na kugharimu dola milioni kadhaa, na chaweza kutoka kikavu. Hapo fedha zimepotea. Kikitoa, hakijui bei ya meli wala vita vya mbali, wala hakiogopi ukame kama ule wa mwaka 2000, uliopunguza maji ya mabwawa ya mto Tana hata umeme ukagawiwa kwa saa.

Hata hivyo wanaoyatetea makaa hawakosi hoja. Makaa hulundikwa na kungoja. Jua huzama kabla ya saa 1 usiku, saa ambayo kila nyumba huwasha taa, na mitambo ya dizeli ndiyo ingali ikiziba pengo. Mahitaji ya Kenya nayo yamekwisha kupita megawati 2,300. Makaa ya bonde la Mui, huko Kitui, bado yamo chini ya mashamba, na kabla ya tani ya kwanza kutolewa sharti ihesabiwe bei ya nyumba, miembe na makaburi ya wale wakaao juu yake.