Naumwa figo, je, ninyonyeshe?

Mama anayeumwa figo hutoka wodini na mtoto mkono huu, mfuko wa dawa mkono ule. Akifika nyumbani, jirani, wifi na mama mkwe humtaka achague kimoja. Wengi huacha dawa kimyakimya, na hilo ndilo linalonitia hofu kuliko dawa zenyewe. Haya ni maswali ambayo mimi, mfamasia, huulizwa sana dirishani.

Nikiwa mjamzito niliambiwa enalaprili ni marufuku. Nimejifungua, mkojo bado una protini, na daktari ameniandikia dawa hiyohiyo. Nani nimwamini?

Waamini wote wawili. Mtoto akiwa tumboni, enalaprili humfikia kupitia kondo la nyuma na huweza kuharibu figo zake. Sasa kondo limeshatoka. Njia iliyobaki ni maziwa, na humo dawa hii hupenya kwa shida. Wataalamu kwa kawaida huikubali dawa ikiwa anachopata mtoto kwa kunyonya, kikilinganishwa na uzito wake, hakifiki asilimia 10 ya kipimo cha mama. Enalaprili haifiki hata asilimia 1. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2019 kuhusu shinikizo la damu baada ya uzazi unaitaja kuwa dawa inayofaa kwa mama anayenyonyesha.

Mwongozo huohuo unashauri wanawake wenye asili ya Afrika waanze na nifedipini, kwa sababu hushusha presha yao vizuri zaidi, nayo pia haimzuii mama kunyonyesha. Lakini wewe unapoteza protini, na enalaprili huilinda figo inayovuja. Usikubali wabadilishe bila kuuliza sababu. Wewe mwenyewe utahitaji kupimwa damu baada ya kuanza, kuangalia figo na potasiamu.

Ila kama mwanao ni njiti, au ana siku chache tu, mwambie daktari kabla hujameza. Figo zake ni changa. Akilegea, akipauka au akigoma kunyonya, mpeleke hospitali saa hiyohiyo.

Mbona karatasi iliyomo kwenye boksi inasema nisinyonyeshe?

Kwa sababu dawa nyingi hazikufanyiwa majaribio kwa wanawake wanaonyonyesha, na mtengenezaji huona salama kwake kuandika "usitumie". Yaliyojulikana baadaye, kwa kupima maziwa na kufuatilia watoto, mara nyingi hayaingii kwenye karatasi ile. Mfamasia anayajua au anajua pa kuyatafuta.

Nameza prednisoloni nyingi kwa siku kwa sababu ya kuvimba mwili. Maziwa yangu si yamejaa dawa?

Hapana. Hadi miligramu 40 kwa siku, nyonyesha bila wasiwasi. Ukiwa juu ya hapo, nyonyesha kwanza, meza dawa, kisha ikiwezekana ngoja saa 4 kabla ya kumpa titi tena. Usiiache ghafla: mwili uliozoea dawa hii unaweza kuzimia usipoipata.

Nimepandikizwa figo. Nina ruhusa?

Hapa jina la dawa ndilo linaloamua, kwa hiyo usiulize kwa jumla tu kuhusu "dawa za figo". Takrolimasi hupita kwenye maziwa kwa kiasi kidogo sana, nyonyesha. Azathioprini nayo inakubalika. Ukiweza, pitisha saa 4 baada ya kuimeza. Mikofenoleti, usinyonyeshe. Saiklofosfamidi, inayotumika pia lupasi ikishambulia figo, usinyonyeshe kabisa, kwani huweza kushusha chembe za damu za mtoto.

Ukiwa unatumia hizo mbili za mwisho, mtoto apate maziwa mbadala, wala usione haya. Usizikatize mwenyewe ili unyonyeshe. Figo ya kupandikizwa ikikataliwa na mwili, pengine hutapata nyingine.

Na furosemidi?

Kipimo kidogo hakina tatizo. Kikubwa huweza kupunguza maziwa. Mtoto asipoongezeka uzito kliniki, sema.

Nina maambukizi yaliyofika kwenye figo. Antibayotiki gani?

Amoksilini na sefaleksini zinafaa kwa mnyonyeshaji. Mtoto anaweza kuharisha kidogo, basi. Nitrofurantoini na kotrimoksazoli ndizo za kuulizia, hasa mtoto akiwa hajatimiza mwezi au ana manjano. Kwenye maeneo yaliyozoea malaria, pwani yetu ikiwemo, kuna watoto wanaorithi upungufu wa kimeng'enya cha G6PD. Chembe zao nyekundu za damu hupasuka zikikutana na dawa kama hizi. Kama kuna mtu wa ukoo aliyewahi kugeuka manjano kwa dawa, mtaje.

Nilipasuliwa, maumivu hayaniishi. Naweza kununua diklofenaki?

Swali hili ningependa kila mama mwenye figo dhaifu aliulize, na ni wachache wanaouliza. Diklofenaki na ibuprofeni hazimdhuru mtoto anayenyonya. Zinakudhuru wewe. Hupunguza damu inayofika kwenye figo, na ukiwa unatumia pia enalaprili na furosemidi, figo zinaweza kufeli ndani ya siku chache. Muuzaji wa duka la dawa atakuona una kichanga, atakuuzia, na kuhusu maziwa hatakuwa amekosea. Hakujua habari za figo zako kwa sababu hukumwambia. Chukua parasetamoli, na isipotosha rudi ulikopasuliwa. Mitishamba ya kusafisha figo au kuongeza maziwa iache: baadhi huharibu figo, na mara nyingi hakuna anayeweza kukuambia kilichomo.

Kuna jambo tunalisahau?

Uzazi wa mpango. Kunyonyesha peke yake hakukuhakikishii kwamba hutashika mimba, na mimba ikiingia, enalaprili inarudi kuwa hatari, mikofenoleti zaidi. Mwenye mikofenoleti anapaswa kuiacha, kwa kusimamiwa na daktari, angalau wiki 6 kabla ya kushika mimba. Vidonge vyenye estrojeni havifai kwa mwenye presha, na vinaweza kupunguza maziwa. Omba kipandikizi au kitanzi. Mama, siku utakayokwenda kliniki kwa chanjo ya wiki ya sita, beba maboksi yako yote ya dawa, na useme unanyonyesha kabla hujaulizwa.