Kinasa sauti cha kwenda nacho Buterere

Onyesho la mtaani Buterere, Burundi, lina vumbi, watoto waliojipanga mbele, ndege inayoshuka hapo jirani kwenye uwanja wa Melchior Ndadaye, na ngoma. Kabla hujatoa faranga zako, angalia haya.

1. Anza na ngoma. Uliza maikrofoni za kifaa zinastahimili desibeli ngapi. Zoom H1n huishia 120, Zoom H5 hufika 140. Ukisogea karibu na inkiranya, ile ngoma ya katikati, utaijua tofauti: sauti ikipasuka, pigo la mti juu ya ngozi hugeuka mlio wa debe, na hakuna fundi atakayelirudisha. Vinasa vya biti 32, kama Zoom H1essential, husamehe ukikosea kupanga kiwango. Ila maikrofoni yenyewe ikizidiwa, biti hazikuokoi.

2. Chagua chenye kitufe cha kuzima urekebishaji wa otomatiki wa kiwango cha sauti. Mimi niliwahi kuuacha umewashwa: kila pigo liliminywa, kisha makelele ya watu yakafura katikati ya mapigo kama kifua kinachohema. Saa nzima ikaharibika.

3. Ikumbuke na inanga, ala ya nyuzi yenye sauti ya chini. Mwaka 1967 Michel Vuylsteke alirekodi Burundi kwa ajili ya lebo ya Ocora ya Ufaransa, na diski hiyohiyo ikabeba ngoma pamoja na mwimbaji anayenong'ona juu ya nyuzi za inanga. Kifaa chako nacho kiyaweze yote mawili. Dukani vaa hedifoni, pandisha kiwango, tulia. Ukisikia "shhh" ya manyunyu juu ya bati, kirudishe.

4. Nunua na stendi ndefu. Wapigaji huingia ngoma zikiwa vichwani, kwa hiyo waulize mapema inkiranya itatua wapi. Simamisha kinasa mita nne au tano mbele yake, juu ya vichwa vya watoto. Hapo utaipata nusu duara nzima: amashakwe zinazoshikilia mdundo na ibishikizo zinazoifuata inkiranya.

5. Kifuniko cha manyoya ni lazima. Sponji peke yake haiuwezi upepo wa ziwa lililo jirani.

6. Betri ziwe za kubadilisha, zile za kuuzwa dukani. Umeme ukikatika mchana kutwa, kifaa cha kuchaji tu kitakuangusha.

7. Stereo ya biti 24 kwa kilohezi 48 hula takriban GB 1 kwa saa. Beba kadi mbili.

8. Ruhusa nayo ni sehemu ya mkoba. Tangu amri ya Oktoba 2017, maonyesho ya ngoma huhitaji kibali cha wizara inayohusika na utamaduni. Hakikisha kundi linacho, kisha waombe wenyewe idhini ya kuwarekodi. Nakala ya kwanza wape wao, usiku huohuo, kwenye simu zao.