Nyumba moja ya sala katika kartiye ya wageni

Tulipojifunza habari za Calvin wengine waliuliza: wale Waprotestanti wa Ufaransa waliishia wapi? Wengi walikimbia, na sehemu yao walifika London, katika kartiye ya Spitalfields.

Mwaka 1685 mfalme Louis XIV alifuta Amri ya Nantes, iliyowapa ruhusa ya kusali tangu 1598. Makanisa yao yakabomolewa, wachungaji wakafukuzwa, na washiriki wakakatazwa hata kutoka katika inchi. Walitoka kwa siri. Kule Spitalfields walitumika kazi ya kufuma hariri. Chini ya paa waliweka madirisha makubwa, sababu mfumaji anataka mwangaza. Si wenyeji wote waliofurahi. Wengine walisema wageni wanakula kazi yao.

Mwaka 1743 wakajenga kanisa kwenye pembe ya Brick Lane na Fournier Street. Angalieni sana nyumba hiyo. Wajukuu wa wafumaji walizoea Kiingereza, wakahama. Mwaka 1809 wamisionari waliikodi ili wahubiri Wayuda, lakini walioitika walikuwa wachache tu. Mwaka 1819 ikawa ya Wamethodisti. Baada ya 1881 Wayuda wengi walikimbia mateso katika ufalme wa Urusi, wakafika palepale, wakaishi kwa kushona nguo. Na mwaka 1898 wao wenyewe wakaifanya nyumba ile sinagogi! Wale wamisionari hawakuota jambo kama hilo.

Wayuda nao, walipopata franga kidogo, wakahamia kartiye zingine. Wakaja Wabengali, wengi kutoka Sylhet katika Bangladesh, nao wakashika kazi ileile ya kushona. Tangu 1976 nyumba ni msikiti. Hawa pia walichukiwa. Tarehe 4 Mei 1978 kijana Altab Ali, fundi wa nguo, aliuawa njiani akitoka kazini. Siku kumi baadaye maelfu ya watu walifuata sanduku lake mpaka kwa waziri wa kwanza. Leo bustani moja pale ina jina lake.

Siku hizi shida ni bei. Nyumba za wafumaji, ambazo zamani zilijaa jamaa chumba kwa chumba, zinanunuliwa na matajiri, na Wabengali wengi wanahamia mbali kutafuta kodi wanayoweza kulipa. Saa ya jua ya mwaka 1743 ingali ukutani kwa msikiti.