Jumatano: Wivu Juu ya Tawi

Soma 1 Samweli 18:1-9. Yonathani na Sauli walimwona kijana yuleyule na kushuhudia ushindi uleule. Kwa nini mmoja alimvulia vazi lake, na mwingine akaanza kumwonea kijicho?

Mwaka 1959 mwandishi Mmarekani, John Knowles, alichapisha riwaya iitwayo A Separate Peace. Inahusu wavulana wawili wa shule ya bweni huko New Hampshire, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Gene ni hodari darasani. Finny ni hodari michezoni, tena mcheshi, hata walimu humsamehe upesi. Gene anampenda kweli rafiki yake, na hapo ndipo penye ugumu. Tumezoea kudhani wivu hukaa kwa maadui, kumbe mara nyingi hulala chumba kimoja na upendo.

Gene anajiaminisha kwamba Finny anamwita michezoni kila mara ili amharibie masomo. Wazo hilo linampa faraja ya ajabu, maana kama wote wawili wana husuda, basi wako sawa. Kisha anagundua kwamba Finny hakuwa na nia hiyo hata kidogo. Alidhani tu kwamba mwenzake hahitaji kujisomea sana. Ungetegemea afurahi. Badala yake anaumia zaidi, kwa kuwa sasa mwenye husuda ni yeye peke yake. Jioni hiyohiyo, wakiwa juu ya mti waliozoea kurukia mtoni, Gene anakunja magoti, tawi linatikisika, na Finny anaanguka. Mguu wake unavunjika vibaya, na michezo imekwisha.

Linganisha na Mwanzo 4:3-8. Habili alikuwa amemnyang'anya Kaini kitu gani? Bwana alizungumza na Kaini wakati gani, kabla ya tendo au baada yake?

Soma Zaburi 32:3-5 na Mathayo 5:23, 24. Gene anakwenda nyumbani kwa Finny kukiri. Finny hataki kusikia, na Gene, akiona anavyomwumiza, anayarudisha maneno yake. Je, alifanya vema? Jibu si jepesi. Kuna ungamo ambalo humtua mkosaji mzigo na kumtwika aliyekosewa. Lakini kimya chake nacho kilikuwa na gharama. Miezi baadaye wanafunzi wenzao wanaliweka jambo hilo wazi usiku mmoja, kama mahakamani. Finny anakimbia nje, anaanguka ngazini, anavunjika tena mguu uleule. Kesho yake, kitandani, anakubali kwamba Gene hakutenda kwa chuki, naye anamsamehe. Siku hiyo hiyo anafariki daktari akiunga mfupa.

Sasa soma 1 Samweli 23:16-18. Kumbuka kwamba Yonathani ndiye aliyekuwa na cha kupoteza: kiti cha ufalme kilikuwa chake kwa kuzaliwa. Hakujifanya kwamba jambo hilo halipo. Alilitamka mbele ya Daudi mwenyewe, kwamba Daudi atatawala naye atakuwa wa pili. Gene hakuwahi kumwambia Finny neno la namna hiyo walipokuwa bado wazima wote wawili.

Yuko rafiki ambaye unasifu mafanikio yake kwa kinywa huku moyo ukihesabu? Ni nini kinachokuzuia kulisema hilo kwa Mungu leo, na pengine kwake pia?