Ngozi ya Plastiki Mwilini

Maji yakipwa penye mlango wa Mto Ruvuma, chaza huonekana wameshika mizizi ya mikoko barabara. Chaza hajui kilichomo ndani ya mzizi. Ajuacho ni ngozi yake. Seli za mwili nazo ni vivyo hivyo, na hilo ndilo nitakalo kulieleza.

Madaktari hutumia plastiki ngumu iitwayo PEEK kwa vipande vya kuwekwa katika uti wa mgongo. Ni imara wala haiozi, lakini mfupa haushikamani nayo vizuri. Kipande kikilegea, huenda mgonjwa akapasuliwa tena. Kwa mtu wa Msimbati aliyepasuliwa Muhimbili, hiyo ni safari nyingine ya zaidi ya kilomita 500.

Njia mojawapo ya kuizuia shida hiyo ni leza. Mwaka 1982, Rangaswamy Srinivasan na mwenzake wa kampuni ya IBM, Marekani, walieleza kwamba leza ya miale isiyoonekana kwa macho yaweza kuchonga plastiki bila kuiunguza. Kila pigo huondoa tabaka isiyofika sehemu moja ya elfu ya milimita. Uso hupata vijishimo na waweza kufanywa upende maji. Ndani, plastiki hubaki na nguvu zake.

Jaribuni wenyewe: tone la maji juu ya mshumaa hujikusanya kama ushanga, juu ya kioo safi hutandaa. Panapotandaa maji, mara nyingi seli nazo hupata pa kushika.

Basi wenzangu, tusiulize tu kitu kimetengenezwa kwa nini. Tuulize pia uso wake u hali gani.